Mafunjo Yaliyofyekwa Siku ya Umuganda

Ijumaa iliyopita nilirudisha buti zangu za mpira stoo. Mtunza stoo alizigeuza, akaona ya kushoto imetoboka, akaandika kwenye daftari lake: "Zimepokelewa, hazifai." Kisha akaniambia nitie sahihi. Nilitia. Hayo ndiyo maneno ya mwisho yaliyoandikwa rasmi juu yangu katika kituo cha kusafisha maji machafu hapa Gisenyi, na namshukuru Mungu kwamba yalihusu buti.

Ninyi mnaobaki kazini mmekuwa mkiniuliza mambo ya zamani kwa vipande vipande, wakati wa chai, na kila mara mtu huitwa kwenda kuzibua bomba kabla sijamaliza. Sasa nina nafasi ya kuyaandika kwa mfuatano. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Cheo nilipewa kimoja, na harufu ya tangi haikubadilika.

Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi Wanyarwanda. Nilisoma kwa masista, nikakaa nao miaka miwili nikijiandaa kwa utawa, mpaka mama yangu alipougua na mkuu wa nyumba akaniambia kwa upole kwamba kwa sasa wito wangu uko kando ya kitanda cha mama. Baadaye tulirudi Rwanda, tukapata kiwanja karibu na Mahoko. Mama alipopata nguvu, nilitafuta kazi. Kwa masista nilikuwa nikisafisha matangi ya maji ya mvua na kutengeneza mabomba, nikaeleza hivyo katika barua ya maombi. Aliyeisoma aliona kwamba mtu anayejua maji safi atajifunza na machafu. Hakukosea sana.

Kituo mnakijua, lakini nakieleza kwa ajili ya atakayesoma bila kukiona. Kiko kwenye mteremko, chini ya kituo cha afya na nyumba za mtaa, juu kidogo ya ziwa Kivu. Ardhi ya pale ni mawe ya volkano. Ukichimba shimo la choo unakutana na mwamba kabla hujafika kiunoni, na penye nyufa uchafu unapotelea chini na kutokea ziwani mahali usipopajua. Ndiyo maana maji yote machafu hushuka kwa bomba hadi kwetu. Yanapita kwanza kwenye chujio la nondo, halafu kwenye tangi ambamo tope hutulia chini, halafu kwenye bwawa pana lililojazwa changarawe na kupandwa mafunjo. Mwisho yanatoka kwa bomba na kuingia ziwani, karibu na ufuko ambapo watu huosha vyombo na kufua.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Papa Kalisti. Alikuwa mzee mfupi aliyefanya kazi ya mabomba Goma miaka mingi kabla ya kurudi.

"Ni we masera walituma?" aliniuliza.

"Mimi si sista, mzee. Niliwahi tu kukaa kwa masista."

"Bon. Masera aliyekimbia." Akanitazama tena. "Na unaongea kama redio."

Kuanzia hapo nikawa Masera kwa kila mtu. Alinipa reki, akanisimamisha kwenye chujio, na nilipotaka kuanza kazi akanizuia. "Leo angalia tu. Mikono iko ya kesho." Nilisimama mpaka saa sita mchana nikiangalia yanayoshuka. Nilijifunza saa ambayo mtaa unaamka, saa ambayo kituo cha afya kinapiga deki, na kwamba Jumatatu watu hufua. Siku hizi mnazo karatasi zenye mistari zinazoonyesha mambo hayo. Karatasi ni nzuri. Simameni pale pia.

Kwenye chujio nimeokota viatu, simu, meno ya bandia ambayo mwenyewe alikuja kuyauliza bila aibu, na rozari tatu. Rozari niliziosha kwa klorini, nikampelekea padri azibariki upya. Hakuniuliza nimezitoa wapi, nami sikumsumbua kwa maelezo.

Papa Kalisti hakuwa mtu wa kanisani sana, lakini alipima muda kwa sala. Ukifunua tangi, unasimama upande upepo unakotoka, unasali Baba Yetu mara tatu polepole, ndipo unachungulia, kwa sababu ile hewa inayotoka inaua. Kule Goma aliona mwenzake akishuka tangini kufuata koleo lililoanguka, na hakupanda tena. "Koleo inanunuliwa," alisema. Mimi, niliyetoka kwa masista, nilifundishwa na mtu huyu kusali kwa mwendo unaofaa. Wale wanaokimbiza Baba Yetu wasifunue matangi.

Alinifundisha pia kupima maji ya mwisho kwa glasi na karatasi. Unajaza glasi kwenye bomba la kutokea, unaishika mbele ya ukurasa uliochapwa, unasoma kupitia maji. Mimi nilitumia kitabu cha nyimbo. Herufi zikionekana vizuri, unaendelea na kazi. Zikififia, unapanda juu kutafuta sababu. Vipimo vya maabara huja baadaye, na ndivyo vinavyotambuliwa kisheria, lakini glasi inakuambia leo.

Na mafunjo aliyaita wafanyakazi wake. Alinichimbia shina moja, akanionyesha mizizi ilivyoshikamana na changarawe, na ule utelezi mwembamba juu ya mawe, ambao ni vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyokula uchafu. Mizizi huvipa mahali pa kukaa na hewa kidogo ya kupumua. "Hawa hawaombake konje," alisema, maana yake likizo, "na hawalewake." Hakuniambia kwamba wanahitaji kulindwa. Nadhani hakuwahi kufikiri kwamba mtu angewagusa. Alistaafu, kituo kikabaki mikononi mwangu, na miaka kadhaa ilipita kwa amani.

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Watu wa mtaa walikuwa wakilalamikia mbu, na walisema mbu wanatoka kwetu. Alhamisi moja alikuja Mudugudu. Kwa wasio wa hapa, huyo ni kiongozi wa kijiji. Cheo ni mkuu wa umudugudu, lakini sisi tunamwita kwa jina la kijiji chenyewe. Alikuwa mtu mwangalifu, fundi cherehani, na alibeba kalamu mbili daima, moja ikiwa ya akiba.

"Mama, Jumamosi ni umuganda," alisema. "Kijiji kimeamua kuja kufanya kazi kwako. Tufanye nini?"

Nilifurahi kupita kiasi. Kwa miaka watu walikuwa wakipita kwetu wameziba pua. Nilitaka wapapende.

"Fyekeni majani," nilimwambia. "Yote, kuzunguka bwawa. Nataka pang'ae."

"Yote?"

"Yote, Mudugudu."

Aliandika. Sikumchukua mpaka bwawani nimwonyeshe kwa mkono: haya ni magugu, yale ni mafunjo, hapa panga linaishia. Ingechukua dakika tano. Nilikuwa na haraka ya kwenda mazoezi ya kwaya.

Mnajua Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, ilivyo. Kila mtu hufanya kazi mahali anapoishi, na asubuhi yote hakuna moto, yaani pikipiki ya abiria, wala gari linalotembea mpaka kazi na mkutano wake viishe. Kwa hiyo mimi nilikuwa Mahoko nikichimba mtaro na majirani zangu, kituo kikiwa mikononi mwa kijiji kizima chenye mapanga na majembe. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nakumbuka niliimba.

Mchana nilipanda moto nikaenda kuwashukuru. Palikuwa pazuri kama uwanja wa kanisa siku ya Komunyo ya Kwanza. Mawe ya kando ya njia yalikuwa yamepakwa chokaa. Maua yalikuwa yamepandwa langoni. Na bwawa la mafunjo lilikuwa changarawe tupu, imesawazishwa kwa reki.

Mudugudu alikuwa akinisubiri na wazee wawili. "Mama, mizizi ilitusumbua sana," alisema, akifuta jasho. "Lakini hatukuacha hata mmoja."

Mabua, wanawake walikuwa wamegawana kwa ajili ya kusuka mikeka. Mizizi ilikuwa imetupwa kwenye shamba la migomba, na mingine ilikuwa ikichomwa moto. Niliona furaha katika nyuso zao, nikasema, "Asanteni, Mungu awabariki." Kisha nikakaa kwenye jiwe. Chokaa haikuwa imekauka. Nilirudi Mahoko na sketi yenye alama nyeupe nyuma, na watu kwenye kituo cha moto waliniaga kwa heshima ya pekee.

Haikuchukua wiki mbili. Glasi ikawa ya kijivu, na ukurasa wa kitabu cha nyimbo nyuma yake ukawa kama ukungu. Nikatoa taarifa, kama inavyotakiwa, na mhandisi wa wilaya akaja. Alikuwa kijana aliyekulia Uganda, mpole, asiyependa kupaza sauti. Alizunguka bwawa mara mbili.

"Mama, siwezi kuacha hii iendelee kuingia ziwani," alisema. "Nitakupa mpaka mwisho wa mvua za masika. Maji yasipokuwa ndani ya kipimo, nitafunga kituo."

Nilijua maana yake. Kituo cha afya kingesubiri lori la kunyonya, linalokuja linapotaka, na nyumba zingerudi kwenye mashimo juu ya mwamba. Uchafu wote ungekwenda ziwani kwa njia za chini, pasipo glasi ya mtu yeyote.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza.

"Wananchi," nilimjibu.

Lilikuwa neno la kweli, na nililitumia kudanganya. Mudugudu aliitwa ofisini akakaripiwa, nami nilisikia, nikanyamaza.

Nilichoweza kufanya kwa mikono nilifanya. Nilitoa tope tangini mara nyingi zaidi, ili lisifike bwawani. Niliwaomba wauguzi wasimwage ndoo za dawa ya kuua vijidudu kwenye bomba, kwa sababu zilikuwa zinaua na wale wachache tuliobaki nao. Na kila asubuhi nilishuka ufukoni kuwazuia watu wasitumie maji.

Hapo ndipo alipokuwa Mama Sifa. Alikuwa amerudi kutoka Congo na watoto wake wanne, na alikaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, palepale ufukoni. Vyombo vyake vyote aliviosha ziwani. Sasa alilazimika kupanda hadi bomba la mtaa na madumu.

"Masera," aliniambia wiki ya pili, "unasimama hapa kama mutu wa douane kwenye mupaka. Siku ngapi tutabeba maji?"

"Mpaka yawe safi, Mama Sifa. Bwawa limeharibika."

"Najua limeharibika. Ule Mudugudu, kichwa yake iko ya cherehani tu! Nani alimutuma kukata?"

Wateja wake wawili walicheka. Mimi niliangalia maji.

"Ni mimi," nilisema.

Aliweka kijiko chini. "We?"

"Nilimwambia afyeke yote. Sikumwonyesha."

"Na wanamutukana yeye juma mbili hizi, we unasikia?"

"Ndiyo."

"Aa, Masera! Na Jumapili unapokea Komunyo?"

"Jumapili hii sikupokea."

"Afazali." Aligeuza samaki wake, hasira yote ikiwa mkononi. "Enda useme mbele ya watu. Mi siwezi kusema kwa nafasi yako. Nikisema mi, itakuwa masengenyo. Ukisema we, itakuwa maungamo."

Nimesikiliza mafungo mengi ya kiroho maishani mwangu, na wahubiri waliosoma Roma. Sikumbuki mafundisho yaliyonifika haraka kama yale, pale kwenye harufu ya mafuta ya samaki.

Jumanne kijiji kilikuwa na mkutano wake wa kawaida, chini kidogo ya kituo cha afya. Niliomba nafasi, nikasimama, nikasema: mimi ndiye niliyetoa agizo, Mudugudu alitekeleza kama alivyoambiwa, na mhandisi aliponiuliza nilimtupia yeye lawama. Nikasema pia mambo ambayo nilipaswa kuyasema miaka mingi kabla: yale mafunjo yalikuwa yanafanya kazi gani, na kituo kikifungwa kitatokea nini.

Mudugudu alitoa kalamu moja mfukoni, akairudisha.

"Mama," alisema, "mimi niliitwa ofisini mara mbili."

"Najua. Naomba unisamehe."

"Mara ya pili hata kiti sikupewa."

Mtu mmoja nyuma alishindwa kuzuia kicheko, kisha wengine wakafuata, na mwisho Mudugudu mwenyewe. Aliposamehe, alisamehe kwa kuandika. Alifungua daftari na kuuliza, "Sasa kazi inahitaji nini?"

"Mizizi," nilisema. "Mizizi hai, mingi. Mliyotupa shambani nimeiangalia, imekauka."

Mwanamke mmoja alisema mkeka wake umeshakwisha na anaulalia, kwa hiyo asihesabiwe. Wakacheka tena. Ndipo Mama Sifa aliposimama, kanga begani.

"Mizizi mi niko nayo," alisema. "Siku ile nilibeba mabeseni mawili, nikafukia kwenye ukingo pangu, sababu mawimbi inakula udongo. Imeota. Iko mingi kuliko mwanzo." Akanigeukia. "Nitatoa. Lakini ukingo yangu itaanguka, donc mutaniletea mawe."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, mbele ya wote: umuganda unaofuata, mawe yatashuka ufukoni na mafunjo yatapanda bwawani. Niliomba kibali cha kufanya umuganda wangu pale badala ya Mahoko, na kwa kuwa asubuhi hakuna moto, nilishuka tangu Ijumaa nikalala kwa Mama Sifa. Alinipa kitanda cha binti yake na sambaza nyingi kuliko nilizoweza kula.

Asubuhi ile sikukaa. Nilimshika kila mtu mkono, mmoja mmoja, nikamwonyesha. Hili ni zoezi ambalo nataka mlishike: mtu akija kusaidia, mwonyesheni kwa kidole, hata kama ni profesa. Shina linazikwa changaraweni kwa kina cha kiganja, chipukizi likiangalia juu. Maji yanashushwa kwanza ili miche isizame, kisha yanapandishwa kidogo kidogo kadiri inavyorefuka. Tulifunga nusu ya bwawa na kulipumzisha, nusu nyingine ikafanya kazi, halafu tukabadilisha. Mudugudu aliingia bwawani amekunja suruali ya suti yake, akapima nafasi kati ya mche na mche kwa futi yake ya kupimia nguo. Mistari yake ilinyooka kuliko yoyote niliyowahi kuona, ingawa kwa mafunjo haina maana.

Baada ya hapo nilisubiri, na kusubiri ni kazi. Mvua zilikuja kubwa. Miche mingine ilioza, tukaziba nafasi. Nilimweleza mhandisi ukweli, na yeye akaandika barua ya kumsafisha Mudugudu, ambayo Mudugudu aliipiga pasi na kuitia kwenye fremu. Kila asubuhi nilisali kwenye ukingo wa bwawa, na sikuona haya kuyaombea mafunjo kwa kuyataja jina. Kuna wiki ambazo sikuona tofauti yoyote. Nilijiambia kwamba mizizi inafanya kazi yake mahali nisipoona, na kwamba sikuwa nimeombwa kuisimamia huko.

Mwisho wa mvua mhandisi alikuja na chupa zake, akazijaza kwenye bomba la kutokea, akazipeleka maabara. Tulikaa siku tisa bila neno. Siku ya kumi alinipigia simu.

"Mama, imepita," alisema. "Kwa shida, lakini imepita. Kituo kinabaki."

Nilishuka ufukoni kumwambia Mama Sifa. Alichukua sufuria kubwa iliyokuwa na masizi, akaingia nayo ziwani mpaka magotini, akaanza kusugua. Jumapili nilipokea Komunyo kanisani kule Nyundo, na nililia kidogo, jambo ambalo wanakwaya wenzangu walidhani ni kwa sababu ya wimbo.

Miaka imepita tangu hapo na bwawa limeendelea vizuri. Lakini nimalize na jambo la kazi, maana litawakuta na ninyi.

Mafunjo yakizeeka hukauka, huangukia bwawani na kuoza, na kuharibu maji yaleyale yaliyokuwa yakiyasafisha. Lazima yakatwe kwa zamu ili yaote upya. Yetu yalipofikia umri huo, Jumatatu moja asubuhi nilivaa buti, nikanoa panga, nikaingia bwawani. Sikuwa nimekata hata bua la tano nilipopigiwa kelele kutoka njiani.

"Masera! Weka panga chini!"

Alikuwa Mama Sifa, na beseni la samaki kichwani. Nyuma yake walikuwa wanawake wengine wawili, na kabla sijajieleza mmoja alikuwa ameshampigia simu Mudugudu.

"Mama Sifa, haya yamezeeka. Ndiyo kazi yenyewe."

"Hata ile siku ilikuwa kazi. Toka kwanza."

Nilitoka. Mudugudu alikuja na daftari, akasikiliza maelezo yangu yote kuhusu mabua makavu na machipukizi, akauliza maswali ya maana kuliko yale ninayoulizwa na wakaguzi, kisha akasema jambo hili ni la mkutano. Siku nane nilisubiri. Katika mkutano nilieleza tena tangu mwanzo, nikaletewa kiti, wakajadiliana mimi nikiwa nimekaa kimya.

Walinipa ruhusa ya kukata nusu. Kwa ile nyingine, waliniambia nirudi baada ya Pasaka, wakishaona kama ya kwanza imeota.